Minyoo ya Tupokigwe

Mama Yudith wa Kihesa hakuwa mchoyo. Alisema hivyo mwenyewe mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mchoyo, kwa maelezo yake, ni mtu anayenyima. Yeye alikuwa anapima tu. Ugali aliumega kwa mkono wake, mboga aliigawa kwa kijiko cha chai, na kabati la mchele alilifunga kwa kufuli kubwa kuliko lile la duka lake la mapazia. Mumewe, Didas, alikula alichopewa na kurudi kwenye televisheni. Katika nyumba hiyo hakuwahi kuuliza swali lolote zaidi ya rimoti iko wapi.

Mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, aliletwa Tupokigwe, binti wa miaka kumi na minane kutoka Tembela, kwenye milima iliyo juu ya Uyole, aje kusaidia kazi za ndani. Aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akafua mablanketi kwa maji yanayouma vidole, akapiga deki, akateka maji, akapika, na wote walipokwisha kula alipewa ukoko na mchuzi uliobaki. Alimaliza, akakwangua sufuria, akaomba nyongeza.

Hapo ndipo Mama Yudith alipogundua ugonjwa.

"Didas, huyu mtoto ana minyoo."

"Mm," alijibu Didas.

"Anakula kama mashine, mwili hauonekani. Chakula kinakwenda wapi? Wanakula wenzake huko tumboni."

Mtu mwingine angempeleka binti zahanati akapimwe choo. Lakini kipimo kina tabia mbaya: kinaweza kuleta majibu usiyoyataka. Mama Yudith alinunua kidonge, akasimama mbele ya binti mpaka akakimeza, akakaa kusubiri hamu ya kula ipungue. Haikupungua. Akanunua kingine, cha kutafuna. Muuza dawa alipomwambia kwamba dawa ya minyoo haitafunwi kila mara kama karanga, Mama Yudith hakubishana naye. Alihamia duka jingine.

Tupokigwe alitafuna, akashikwa na kichefuchefu, na kilipopita akakwangua sufuria kama kawaida.

"Mama," alisema siku moja, amepiga goti, sahani mkononi, "mimi sina minyoo. Nina njaa."

Mama Yudith alishtuka kama mtu aliyetukanwa, na kwa mawazo yake alikuwa ametukanwa kweli. Binti mwenye minyoo ni sifa kwa mwenye nyumba: anaonekana ana huruma, anamtibu mtoto wa watu. Njaa haina sifa hiyo. Mtu akisikia binti ana njaa, swali linalofuata ni anakaa kwa nani.

"Njaa? Nyumbani kwangu? Sikiliza, wewe. Jumamosi nakupa dawa ya mwisho. Ukiendelea kula hivyo, Jumatatu nakupandisha basi pale Ipogolo, na mama yako nampigia simu nimwambie namrudishia mgonjwa wa minyoo. Tuone nani mwingine atakuchukua."

Tupokigwe hakuogopa viazi vya kwao wala jembe. Alimwogopea mama yake, aliyesimama kanisani kushukuru kwamba binti amepata nyumba ya watu wanaosali. Kurudi bila kazi kungesahaulika. Kurudi na jina la minyoo kungemfuata mama huyo mpaka kisimani.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Mama Yudith kupokea jumuiya. Wanawake wa mtaa walisali, wakaimba, wakasikiliza somo. Kisha ikaja chai ya rangi, na kila mmoja nusu andazi. Jikoni kulikuwa na sufuria ya wali wa Chimala na nyama, chakula cha Didas na watoto wao, na harufu yake haikujua mipaka ya ukarimu wa mwenye nyumba. Wanawake waliinusa, wakatazama nusu zao za maandazi kwa adabu ya Kikristo.

Mama Yudith aliona huo ndio wakati mzuri wa kuonyesha huruma yake. Alimwita binti, kidonge kiganjani.

"Mniombee, jamani. Mtoto wa watu huyu minyoo imemshika hasa. Nahangaika naye kama niliyemzaa mwenyewe."

"Pole, mwenzetu," waliitikia wawili watatu.

"Haya, meza, wenzangu wakuone."

Tupokigwe alipiga goti, akakipokea kidonge. "Nitameza, mama. Ila shuleni kwetu siku ya dawa walitupikia uji kwanza. Mwalimu alisema ukimeza na tumbo tupu kichwa kinazunguka."

"Kweli kabisa," alidakia Damari, jirani mnene mwenye mashine ya kusaga. "Hata wangu walikunywa uji. Mpe ale, Mama Yudith. Sisi tunasubiri."

Kukataa kulikuwa kugumu mbele ya macho yote hayo. Mama Yudith alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya wali, akaiweka chini kama mtu anayeweka mtoto wake rehani. Tupokigwe alikula polepole, punje kwa punje, ameinamisha uso. Wanawake walimtazama. Walikuwa wamelea, walijua mgonjwa anavyokula, na walijua mtu ambaye hajashiba tangu juzi anavyokula.

"Mnaona?" alisema Mama Yudith, kwa ushindi. "Mnaona anavyokula? Si niliwaambia, minyoo!"

Damari aliiweka nusu andazi yake mezani.

"Kumbe dalili zenyewe ndizo hizo? Basi hata mimi ninayo, dada. Imenianza hapahapa, baada ya sala. Niletee kidonge. Au wali, chochote kitakachotangulia."

"Yangu imesikia harufu ya nyama, inapiga kelele!" alisema Rozalia, mweka hazina wa jumuiya. "Tutibu wote, Mama Yudith!"

Walicheka mpaka vikombe vikagongana. Mama Yudith naye alicheka, maana asiyecheka angekuwa amekiri, na kicheko chake kilitoka kama bawaba isiyopakwa mafuta. Sufuria ililetwa nzima. Didas alipotoka chumbani alikuta ukoko, akaula, kisha akabaki amesimama anaangaza macho huku na huko jikoni kwake, kama mgeni.

Wanawake walipoanza kuvaa viatu mlangoni, Tupokigwe alikirudisha kidonge, kikiwa bado kizima, mkononi mwa mwenye nyumba.

"Jumatatu nitapanda basi mwenyewe, mama. Ukimpigia mama yangu, mwambie nimeondoka kwa njaa."

"Punguza sauti," alinong'ona Mama Yudith. "Wageni hawajafika getini."

Kweli hawakuwa wamefika. Walisimama wote pale nje, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine nje yake, wakisikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza somo. Damari ndiye aliyeita wa kwanza:

"Binti, namba ya mama yako ni ngapi? Nitampigia mimi."