Jumapili Tuliyomtafutia Nekesa Chumba

Kwetu Kimilili, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, si uhasama. Shida ni kwamba Pipeline, mtaa wetu wa Nairobi, hakuna kichaka.

Mimi na mume wangu Javan tulikuwa tukiishi hapo, chumba kimoja orofa ya pili, pamoja na binti yetu Khalayi. Mama hakuwa amewahi kukanyaga Nairobi. Kilichomleta ni mdogo wangu Nekesa, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa, na Jumatatu asubuhi alitakiwa kuripoti. Wakashuka basi Jumapili alfajiri, Nekesa na sanduku lake, Mama na kuku kwenye mfuko.

Chai Mama aliinywea kwenye kibanda cha mandazi nje ya geti letu, kwa sababu Javan alikuwa ndani.

"Nataka kuona mlango," alisema kabla hajameza. "Mlango wa mtoto wangu, wenye kufuli la ndani. Nisipouona leo, basi la jioni linaondoka na sisi wawili."

"Mama, nafasi yangu itapewa mtu mwingine!" Nekesa akasema.

"Apewe. Wagonjwa wako hata Kimilili."

Nikamwambia Nekesa angeweza kulala kwangu siku chache. Mama aliweka kikombe chini.

"Kwako? Wewe, mume wako, mtoto na shemeji chumba kimoja? Ukuta ni nini, pazia?"

Ni kweli ukuta ulikuwa pazia. Sikurudia.

Mtu pekee aliyejua nyumba za Pipeline vizuri alikuwa Javan. Alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha kutengeneza mabeseni, na alikuwa amezitembea zile barabara zote kwa miguu. Kwa hivyo akapanga hivi: yeye atangulie upande wa pili wa barabara, mimi na Mama na Nekesa tufuate upande huu, na simu yangu isikatwe. Khalayi, sanduku na kuku tukamwachia jirani.

"Triza, mwambie Mama kuna mtaro mbele, aruke," Javan akaniambia kwenye simu.

"Mama, Baba Khalayi anasema uruke mtaro."

"Mwambie nimeuona. Nilianza kuruka mitaro kabla hajazaliwa."

"Anasema ameuona."

"Si hivyo alivyosema," Javan akajibu. "Nimesikia mwenyewe. Niko hapa tu ng'ambo." Akacheka. Alikuwa na kicheko kilichoanzia puani, kama mtu anayezuia chafya, halafu kikamshinda. Nakiandika hapa kisije kikanipotea.

Tulianzia kwenye jengo letu wenyewe, maana kulikuwa na chumba kitupu orofa ya tatu. Kilikuwa kizuri, kimepakwa rangi, na mlango una kufuli. Mama aligonga ukuta, akafungua mfereji ambao haukuwa na maji, hata hivyo akaridhika. Halafu akatazama sakafu.

"Chini ya hapa ni kwa nani?"

"Ni kwetu," nikasema.

Mama akainua mguu mmoja kama aliyekanyaga makaa. "Kwa hivyo sasa hivi nimesimama juu ya kichwa cha mkwe wangu?"

"Mama, hayuko ndani. Yuko barabarani."

"Na nikija kumtembelea Nekesa nikalala? Nilale juu ya mkwe?"

Nikakumbuka kulikuwa na kingine orofa ya kwanza. Nikakitaja.

"Basi hapo yeye ndiye atakuwa juu yangu!" Mama akasema. "Triza, umesoma mpaka fomu foo, unasikia unachosema?"

Tukatoka. Nilipomweleza Javan kwenye simu alisema, "Mwambie ana haki. Mimi pia singelala."

Jengo la pili lilikuwa na keateka, yaani mtunza nyumba, kijana amevaa kofia mpaka kwenye nyusi.

"Niaje mathe. Keja, yaani chumba, ni safi. Maji ni Jumanne na Ijumaa. Stima tunashea, so hakuna kupika maharagwe."

"Maharagwe yamekosa nini?" Mama akamuuliza.

"Yanakula stima, mathe. Ndengu pia. Githeri nikiisikia kwa pua nakata waya."

"Sasa watu wa hapa wanakula nini?"

"Mayai."

Mama akanitazama kwa huruma, kama kwamba ndipo alipojua kwa nini nimekonda. Alifungua dirisha. Karibu kiasi cha kushikana mkono kulikuwa na dirisha la jengo jingine, na ndani yake mwanamume akinyoa ndevu mbele ya kioo, hana shati.

"Karibuni, majirani," akasema yule mtu, na wembe wake shavuni.

Mama akafunga dirisha. Mlango wenyewe ulifungwa kwa waya, kwa hivyo hatukubishana.

Cha tatu kilikuwa na makufuli matatu, moja juu ya jingine. Mama alifurahi sana. Aliyafunga na kuyafungua yote, kisha akamgeukia keateka.

"Kwa nini ni matatu?"

Keateka akaangalia viatu vyake.

"Yule aliyekuwa hapa, alianza na moja?"

"Alianza na moja," keateka akakubali.

Tukashuka ngazi haraka kuliko tulivyopanda.

Jua likawa limeshuka nyuma ya majengo, jambo ambalo Pipeline hutokea mapema, kwa maana chini pale jua huonekana tu likiwa utosini.  Nekesa alitembea akiwa ameushikilia mfuko wa sare yake mpya kifuani, na kila Mama alipotazama saa kwenye simu yake, naye alitazama. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo kama mgonjwa anayesubiri sindano. Alikuwa ameomba nafasi ile chuoni mara mbili na kukosa. Nilijua akipanda basi lile hatarudi tena.

"Kuna kwa Mwangangi," Javan akasema kwenye simu. "Ile ya geti la kijani. Ni mkali, lakini wezi wanamwogopa."

Mwangangi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na funguo nyingi kiunoni, aliketi kwenye benchi ndani ya geti kama afisa wa mpakani. Alikuwa na chumba orofa ya nne. Kabla hajatuonyesha, akasimama, akatazama juu ya mabega yetu.

"Mama, msigeuke. Kuna jamaa amesimama ng'ambo, anawafuata. Ana simu sikioni na macho yote yako kwenu. Niwaitie vijana?"

"Usiite mtu!" nikasema. "Huyo ni mume wangu."

"Mume wako? Na mbona amesimama huko kama amekataliwa?"

"Ni kwa sababu ya Mama."

"Mama amemkataa?"

"Hapana, anamheshimu."

Mwangangi akaketi tena. Niliona kabisa kwamba hatuna chumba.

"Sikiliza, dada," akasema. "Mwanafunzi simpi nyumba hivi hivi. Lazima mtu anayefanya kazi hapa Nairobi amsimamie, na lazima mzazi aniambie kwa mdomo wake kwamba anamjua huyo mtu. Wote wawili, mbele yangu, kwenye benchi hii. Mwezi uliopita msichana mmoja alileta anko wake amsimamie. Sasa huyo anko amehamia."

"Mzazi ni mimi," Mama akasema. "Na anayemsimamia ni huyo wa ng'ambo."

"Basi aje aketi hapa kando yako."

 Nekesa akamshika Mama mkono. "Mama, tafadhali. Dakika moja tu."

"Aje," Mama akasema hatimaye, akajifunika leso kuanzia kichwani hadi kidevuni. "Lakini asiketi."

Javan akavuka barabara. Sikuwahi kumwona akitembea hivyo; alikuja ubavu ubavu kama kaa, akaingia getini, akasimama na kutugeuzia mgongo, pua yake karibu iguse ukuta. Mama kwenye benchi alikuwa rundo la leso. Mwangangi aliwatazama, huyu na huyu.

"Mmegombana?"

"Hapana," wakajibu wote wawili, mmoja akiuambia ukuta na mwingine leso.

"Haya. Mama, huyu mtu ni mkwe wako?"

Leso ikainuka kidogo tu, kiasi cha mtu kuona sakafu. Mama akachungulia chini, akachukua muda wake.

"Viatu ni vyake," akasema.

"Viatu?"

"Ndivyo vilivyokuja kuleta mahari. Mguu wa kushoto unalala nje. Nilivitazama siku nzima wazee wakiongea."

"Mama, nakuuliza kama unamjua huyu mtu. Uso wake."

"Uso wake ningeutazama kwa nini? Kwani ni mimi nimeolewa naye?"

Mabega ya Javan yakaanza kutikisika. Nilijua chafya ile inakuja, nikamwomba Mungu aizuie. Haikuzuilika. Nekesa naye akaangua kucheka, huku machozi yanamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ya basi.

Mama aliuona uso wa Javan mzima mara moja tu, miaka baadaye, siku tuliyomzika, na yeye hakuweza kumwona. Lakini hiyo si habari ya Jumapili hii.

Jumapili hii, Mwangangi alipiga goti lake kofi. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Kimilili," nikasema.

"Mimi ni wa Mwingi. Kumbe hata nyinyi! Mama mkwe wangu nikimwona anatoka kisimani, nilikuwa naingia kwenye mahindi. Siku moja nikaingia kwenye mahindi ya mtu mwingine. Nilipigwa, dada! Nilipigwa kama mwizi, na singeweza kusema najificha nini, kwa sababu yeye alikuwa bado anapita."

"Ulifanya vizuri kunyamaza," Mama akasema kutoka ndani ya leso.

"Mwongo angekuja hapa akukumbatie, akuite mami," Mwangangi akasema, akichambua funguo zake. "Yule anko alikumbatia kila mtu. Haya, msichana, twende uone chumba chako."

Kilikuwa kidogo, lakini safi, na dirisha lake lilitazama anga kidogo. Tulielewana bei. Javan akaenda kwenye duka la magodoro lililoko chini ya jengo lile lile, na sisi tukabaki juu tukifagia. Mama hakusema kitu juu ya chumba. Alisema tu kwamba mlango hajaujaribu, na hawezi kuujaribu kabla hajapata ndoo ya maji ya kuuosha. Akatoka kwenda kutafuta mfereji, nami nikamfuata, na Nekesa nyuma yangu.

Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, na taa ilikuwa imeungua. Tulikuwa tunakata kona ya orofa ya tatu nilipoliona godoro likipanda. Lilikuwa limesimama wima, limejaza ngazi ukuta hadi ukuta, na aliyelibeba hakuonekana, wala yeye hakuona. Mama akajaribu kurudi nyuma, akateleza kwenye maji ya mtu aliyekuwa amefua, akaangukia godoro kwa kifua.

Javan akadhani limekwama. Akasukuma.

Mama akapanda ngazi moja kinyumenyume. Javan akasukuma tena. Mama akapanda nyingine, mikono yake imetandazwa kwenye sponji, leso imemwangukia machoni, bila neno hata moja, maana angepiga kelele angekuwa amemsemesha mkwe.

"Triza!" Javan akaita kutoka upande wa pili. "Godoro imeshikwa na nini?"

"Shemeji, usisukume!" Nekesa akapiga kelele. "Ni Mama!"

Godoro likasimama.  Javan asingeweza kuliachilia, kwa sababu Mama angeanguka nalo mpaka chini, na asingeweza kumsaidia, kwa sababu angemgusa. Mimi nilimshika Mama kiuno kwa nyuma, lakini miguu yangu nayo ilikuwa ikiteleza.

"Triza, mwambie asiachilie," Mama akasema.

"Anasema usiachilie."

"Mwambie sijaachilia."

"Anasema hajaachilia."

"Mwambie alete juu kidogo, upande wa kulia, nipate reli."

"Anasema ulete juu..."

"Wa kulia wake au wangu?"

"Anauliza wa kulia wako au..."

Mguu wa Mama ukateleza tena.

"Javan!" akasema. Hakuwa amewahi kulitamka jina lile. Alikuwa akisema Baba Khalayi, au yule mtu. "Javan, shikilia!"

"Nimeshika, Mama," akajibu, taratibu sana, na kati yao hakukuwa na kitu ila unene wa godoro la mwanafunzi. "Jiegemeze tu. Siendi popote."

Mama akajiegemeza. Akapata reli, akapata mguu, akanyanyuka. Kisha akaligonga godoro mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni, akarudi juu haraka kabla halijapita. Javan alilifikisha mpaka mlangoni na kuliegemeza ukutani huku amefumba macho. Nilimsikia akishuka zile ngazi mbili mbili, halafu huko chini, mbali, ile chafya.

Nekesa akaingiza godoro. Mama akabaki kwenye korido, ndoo ya maji ameisahau.

"Jifungie," akamwambia.

Kufuli likalia. Mama akasukuma kwa kiganja. Akasukuma kwa bega. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja kwa kiuno, kama wanavyofungua geti la zizi. Majirani wakatoa vichwa.

"Mama, utauvunja!" Nekesa akasema kutoka ndani.

"Nyamaza. Mimi ni mwizi."

Akajaribu tena. Mlango haukutikisika. Mahali fulani mjini basi la jioni lilikuwa linajaza abiria, na Mama hakutazama simu yake. Alisimama pale akipumua, leso begani, mkono kwenye ule mlango.

"Mwizi ameshindwa," akasema. "Fungua sasa. Mwizi amechoka, anataka kulala."