Njia Ipitayo Ndani ya Kibuyu

Usingizi unanikuta mchana, nimeketi kwenye kigoda cha mama, kibuyu chake kitupu mapajani mwangu na pua yangu mdomoni mwake. Nakinusa hivi kila siku tangu tumzike. Ndani, baba amelala akiutazama ukuta. Uji anaurudisha, chai anaiacha ipoe, anasema atakunywa maziwa ya kibuyu yakiiva, na maziwa hayaivi. Mama aliyagandisha yakawa mazito, yenye uchachu mtamu na harufu ya moshi. Mimi nikiyatia yanaoza, au yanakuwa machungu, au yanaachana, maji huku na mabonge kule. Sikusoma sana, ila najua kujaribu kitu kimoja kimoja. Matanga yalipokwisha, dada yangu Robi alivisafisha vyombo vyote vya mama kwa sabuni na maji yanayochemka, kwa upendo, akarudi kwa mumewe, na tangu hapo kazi ya kibuyu ni yangu. Nimekifukiza kwa kaa la mzeituni wa porini, nikaona matokeo, kisha kwa kaa la mgunga, kisha la mti ambao jina lake nalijua kwa Kikuria tu. Nimebadilisha mti nikaacha ng'ombe yuleyule, nimebadilisha ng'ombe nikaacha mti uleule. Sijamuuliza mtu, kwa maana huku kwetu mwanamume anayeuliza mambo ya vibuyu huchekwa mpaka kwenye mnada. Baba anaonja, anasema, Siyo haya, Matiko, na kuugeukia ukuta, na shingo yake imekuwa nyembamba kama ya ndama aliyenyimwa titi. Navuta harufu mara moja zaidi, ile harufu ndogo ya moshi iliyosalia, nayo inanivuta. Mdomo wa kibuyu unapanuka, au mimi napungua, sijui lipi linatangulia, na ninaingia kama mtu anavyoingia gizani katika nyumba aliyokulia, bila kupapasa.

Ndani kuna njia ya majivu laini, na njia ina mji, na kila nyumba ya mji huo ina nyumba nyingine chini yake, kichwa chini, kana kwamba ardhi ni maziwa yaliyotulia. Natembea na nyayo zangu zinakutana na nyayo za mwingine aliye chini yangu. Nikigeuka nyuma naona mbele. Nikipita mlango naukuta tena mbele yangu, umezeeka kidogo. Mtu anakuja na pembe ya ng'ombe inayotoa moshi, na hana uso, ngozi ya usoni pake ni laini kama kibuyu kilichoparwa jana. Siogopi. Namwamkia, Shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa sauti inayotoka kifuani. Umepotelewa na ng'ombe, ananiuliza. Nasema hapana, namtafuta mtu wa kwanza aliyegandisha maziwa. Mabega yake yanatikisika, naelewa kwamba anacheka. Wenzako huja kutafuta ng'ombe, anasema, wewe umekuja kutafuta mwanzo, ungeleta basi hata kamba ya kuufungia. Namuuliza yeye ni nani na uso wake uko wapi. Uso hukaa kwenye jina, anasema, na jina langu halikumbukwi na yeyote. Hapa tumo sote tuliojua kitu kabla ya wengine. Kila mnachokijua leo bila kujua mlikijuaje, mmoja wetu alikijua kwa taabu.

Tunafuatana, na njia inajikunja na kujikunjua kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Namuuliza yeye aligundua nini, labda kuwasha moto. Kuwasha, anasema, radi huwasha, tena bila kujisifu. Mimi niligundua kuulaza. Nilikuta kaa lililofunikwa na majivu likiwa hai asubuhi, na kaa la jirani yake lililoachwa wazi limekufa, nikakaa chini nikafikiri mpaka watu wangu wakadhani naumwa. Nikajaribu kufunika kwa mchanga, kwa majani, kwa mavi ya ng'ombe, mpaka nikawa najua. Namwambia hata mimi hujaribu hivyo. Najua, anasema, unanuka miti mingi. Halafu anasimama na kuitazama pembe yake, ingawa hana macho. Siku moja mvua ilinizimia moto wangu wote, anasema, nikatoka nikitembea na kulia, na nilikofika nikaukuta moto wangu umetangulia, unaotwa na watoto wa watu. Hicho ni kitendawili, nasema. Ni habari, anasema. Kitendawili ni wewe.

Kabla sijamjibu njia inagawanyika kama maji yanavyogawanyika kwenye jiwe, na juu ya jiwe ameketi mwanamke anayemenya muhogo ndani ya chungu cha maji, naye hana uso. Huyu, anasema mwenye pembe, alijua namna ya kuutoa muhogo mchungu sumu yake. Namwamkia, namuuliza alijuaje. Anamenya kwanza. Nilijua kwa sababu mwenzangu alinyamaza, anasema, tulikuwa tunakula pamoja tukicheka, yeye akala mwingi, akanyamaza. Basi nikasema haiwezekani anyamaze bure. Nikauloweka usiku mmoja, nikampa mbuzi, akafa. Nikauloweka zaidi, nikampa wa pili, akayumba akapona. Nikauloweka mpaka ukalainika na kunuka, nikauanika, nikampa wa tatu, akaniomba tena. Mbuzi haombi, anasema mwenye pembe. Huyo aliomba, anasema mwanamke, ulikuwepo? Halafu nilionja mimi, na kabla ya kuonja nilimwita mtoto wa dada yangu nikamwonyesha kila hatua, ili nikinyamaza na mimi, yeye asianzie mwanzo. Anageuza kichwa kuelekea kwangu, na ninahisi natazamwa na mtu mwenye huruma. Wewe umebadilisha mti, anasema, umebadilisha ng'ombe, vizuri, kimoja kimoja. Ni kipi ambacho hujakibadilisha? Nafikiri. Nasema, kibuyu, lakini kibuyu ni chake mama, ndicho kilekile. Ndicho kilekile, anarudia mwanamke, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mwingine, halafu ananionyesha njia ya kushoto, na njia ya kushoto inageuka kuwa ya kulia, na ninaifuata.

Mwenye pembe hayupo tena, moshi wake upo. Mbele yangu kuna mstari wa wanawake waliochuchumaa, kila mmoja na kibuyu, mrefu kiasi kwamba mwanzo wake umegeuka ukungu. Yule wa mbali kabisa hana uso. Sauti yake inanifikia bila haraka, kana kwamba yuko kando yangu. Mimi sikugandisha, inasema, mimi nilisahau. Nilisahau maziwa kwenye kibuyu cha jana, na mume wangu alitaka kuyamwaga, nikamwambia ngoja nionje, akasema utakufa, nikasema basi utaoa mwingine mwenye akili. Nilipoonja nikacheka. Kesho yake nikayatia maziwa mapya kwenye kibuyu kisafi, yakaoza. Nikayatia kwenye kile chenye mabaki, yakaiva. Ndipo nikajua kuna wageni walioingia humo wasioonekana, na wageni hao hawataki kufukuzwa kwa maji yanayochemka. Anamimina kidogo katika kibuyu cha mwenzake, na mwenzake katika cha mwingine, mmoja mmoja, na jinsi wanavyonikaribia ndivyo nyuso zinavyoanza, kwanza kivuli cha pua, kisha midomo, kisha bibi wa bibi yangu ambaye sikumjua ila namjua, kisha bibi, kisha mama.

Mama ana uso wake wote. Hata kovu la kwenye nyusi, alilopigwa na pembe ya fahali, lipo. Namwita, Mama. Subiri, anasema bila kuinua macho, usinitikise mkono. Anamimina polepole, kidogo kama anavyompa mgonjwa dawa, na kibuyu anachokimiminia ni cha msichana aliyevaa kitenge kipya, bi harusi, macho chini kwa aibu. Nayajua mabega yale. Ni Mokami, jirani yetu, kabla hajawa mama mdogo wetu sote. Baba haoni raha, nasema. Najua, anasema mama, si ndiyo maana nampa huyu. Mama, si haya ninayoyatafuta? Anafuta mdomo wa kibuyu kwa kidole, anakilamba, anatabasamu kwa jambo lililo ndani ya kidole chake, na hanitazami, na ninataka anitazame kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nenda, mwanangu, anasema, yanaiva bila wewe.

Nashtuka. Ng'ombe wanalia zizini. Kiganja changu kina masizi. Natoka na kibuyu kwapani, nauvuka ua, namkuta Mokami anachambua mboga, nywele zake nyeupe. Mama mdogo, namwambia, nacheka na aibu inanichoma masikio, nimekuja kuomba mbegu ya maziwa, ile uliyopewa na mama ulipoolewa. Ananitazama mpaka mboga inamponyoka. Matiko, anasema, si nimekutilia sasa hivi? Hata mlango haujapoa. Nikakuambia kunyweni ila msimalize, cha chini ndicho mbegu, ukaniitikia kama mtu wa usingizini. Ningejua ningekuja kuwaletea mwenyewe, nilidhani kibuyu chenu ki hai. Nakitikisa kibuyu. Ni kizito.

Baba anainuka kitandani kwa harufu tu. Nammiminia kikombeni, anayashikilia maziwa mdomoni kwa muda mrefu, kifundo cha koo lake kinapanda na kushuka. Mama yako amekuja saa ngapi, ananiuliza. Nataka kumwambia yametoka kwa Mokami. Nasema, Sijui, baba. Ongeza, anasema.

Namwongezea, naacha kidogo chini. Na juu ya maziwa kikombeni naiona nyumba yetu, kichwa chini, na mlangoni pake mtu ameketi kwenye kigoda, kibuyu mapajani, amelala. Nakishika kikombe cha baba kwa mikono miwili, kisitikisike, nisije nikamwamsha, mpaka baba amalize kunywa.