Oili ya Ganix

Ulianza mluzi mwembamba, kama wa birika lililosahauliwa jikoni. Peyo, aliyekuwa akiimba huku akiendesha, aliongeza sauti. Mluzi nao ukapanda.

"Gari linakuita," akasema Mama Graxi kutoka kiti cha pembeni. Gari lilikuwa lake, na kondoo kwenye trela nyuma walikuwa wake, wakipelekwa malisho ya kiangazi mlimani. "Zima kiyoyozi, washa hita, fungua vioo. Na uteremshe gia."

"Niwashe hita katika jua hili? Mama, hii gia ni otomatiki. Inajua yenyewe."

"Inajua kuungua."

Mshale wa joto la giaboksi ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu, na wa injini ulikuwa ukiufuata. Harufu ya mkate ulioungua ikajaa ndani. Peyo akaegesha kando ya barabara.

Gari la maji lililokuwa nyuma yao likasimama. Akashuka Ganix, mzee aliyetunza magari ya Mama Graxi tangu mumewe alipofariki. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akawahi kuwamwagia kondoo maji.

"Usizime injini," alimwambia Peyo. "Toa gia, iache ingurume. Ukizima sasa, oili itachemka palepale ilipo."

Redio ya upepo ikakoroma. "Peyo, huo moshi ni wako au unachoma nyama?" Alikuwa Arnaud, mbele yao kwenye kona ya juu. Mwaka jana giaboksi ya Arnaud iliungua kwenye mpando huuhuu, na Peyo alimtungia beti zilizoimbwa mezani na wakata manyoya ya kondoo wote. Sasa madereva wa mlima mzima walikuwa wakisikiliza, wakingoja zamu yake ya kuchekwa.

Damu ikampanda kichwani. Akabonyeza kitufe, akaimba:

*"Macho yanamfifia, chupa hazisomi tena,*
*Giaboksi katilia mchuzi wake wa jana!"*

Vicheko vikajaa redioni. Kila mtu alijua ni nani anayetia oili katika magari ya Mama Graxi.

Mama Graxi hakucheka. "Ganix, ulitia ipi?"

"Ileile nyekundu, Mama."

"Una hakika? Macho yako..."

Mzee akaacha kumwaga maji. Kisha akafungua mkanda, akatoa funguo za karakana, akaziweka juu ya bampa. "Kama nimemuulia marehemu gari lake, zichukue. Sitaligusa tena." Akarudi kwa kondoo.

Peyo akafungua boneti, akitafuta ushahidi wa kummaliza mzee. Akauona.

Kati ya grili na ile rejeta ndogo ya kupozea oili ya giaboksi palikuwa na kadibodi, imeshindiliwa vizuri, imekauka na kupinda kwa joto. Ilikuwa na picha ya buti jekundu, lenye nyota kisiginoni. Peyo akatazama miguu yake. Ndiyo mabuti hayohayo.

Januari, theluji ilipozidi, alilikunjua boksi la mabuti yake mapya akazibia upepo ili injini ipate joto upesi, kama wafanyavyo wote huko. Theluji ikiyeyuka, kila mtu huitoa kadibodi yake. Yeye alisahau. Safari nyepesi za mjini hazikusema kitu, mpaka mlima ukasema.

Ganix alikuwa amempa mgongo. Mama Graxi alikuwa akifuta jasho. Kadibodi ingeenea vizuri ndani ya shati.

Aliivuta. Ikamuunguza vidole, akaishika hivyohivyo mpaka mbele ya mzee.

Ganix akatazama picha, akatazama buti. "Viatu vizuri," akasema, akaendelea kumwaga maji.

"Haya, mshairi," akasema Mama Graxi. "Tunga sasa."

Alitafuta kina, hata kimoja hakikuja. Masikio yalimwaka. Akaziokota funguo, akaivuta redio ya upepo kwa waya wake hadi dirishani, akabonyeza.

"Arnaud, na wote mnaosikia. Oili ya Ganix ni safi. Niliziba rejeta mwenyewe, kwa boksi la viatu vyangu."

Safari hii hakuna aliyecheka, na kimya kile kilimchoma kuliko vicheko. Akamnyooshea mzee funguo, kidole bado kikiwa kwenye kitufe.

"Mjomba Ganix, zivae. Nakuahidi, na mlima mzima unasikia: hazitatoka tena kiunoni mwako kwa sababu ya mdomo wangu."