Pikapu ya Wendell Yachuchumaa

Jumamosi asubuhi Wendell Stutzman alikuwa amesimama ndani ya bafu la trela, nyumba ya kukokotwa na gari, kwenye yadi ya mauzo, viatu vya kazi miguuni, akijipaka kichwani sabuni ambayo haikuwepo. Muuzaji, Kip Brandeberry, ndiye aliyemwambia afanye hivyo. Kip huwaambia wateja wake wote: jilazeni kitandani, kaeni chooni, ogeni bila maji, muone kama viwiko vinagonga ukuta. Viwiko vya Wendell viligonga, naye akatangaza kwamba bafu lina nafasi tele.

Mkewe, Darla, alikuwa jikoni mbele ya sinki, akiitazama pikapu yao kupitia dirishani. Wendell aliposema hivyo, pikapu ilishuka nyuma kiasi cha upana wa kidole. Hapakuwa na mtu ndani wala mzigo juu yake. Darla alitazama tena, kisha akafungua droo ya vijiko na kuifunga, maana ndicho alichoambiwa afanye yeye.

Trela zote walizoingia asubuhi ile zilikuwa za namna moja: zile kubwa zenye shingo, ambazo hazifungwi nyuma ya gari bali hulaza shingo yao ndani ya bodi ya pikapu. Wendell alikuwa ametumia maisha yake kiwandani, hapo hapo kaskazini mwa jimbo la Indiana, Marekani, akipigilia makabati ya trela za watu wengine. Sasa amestaafu na anataka yake. Si ya likizo, ya kuishi. Nyumba yao ya mjini Goshen ilishapata mnunuzi, anangoja tu wapate pa kuhamia. Mlango wa nyuma wa nyumba hiyo unatazamana na wa Joyce, mdogo wake Darla, na kila asubuhi dada hao hunywa kahawa kwenye ngazi ya mmoja wao wakiwateta watu wa kanisani kwa upendo. Darla hakutaka kuhama. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Joyce.

"Paa lake vipi?" Darla alimuuliza Kip. "Linavuja?"

"Paa hili, mama? Hili halijui kuvuja."

Pikapu ikashuka. Darla alijikuna pua ili asicheke.

"Na pikapu yetu itaiweza?"

"Itaivuta kama kigari cha mtoto."

Pikapu ikashuka zaidi. Wendell alikuwa ameinunua kabla hajajua uzito wa trela atakayoitaka, kosa la karibu kila anayeanza, na aliichagua kwa ajili ya rangi.

Kip alichungulia dirishani. "Zinafanya hivyo," alisema. "Hasa majira haya ya kuchipua, wateja wakiwa wengi. Juzi juzi ya mchungaji mmoja ilikaa chini kabisa, tukaitoa kwa winchi."

"Inasababishwa na nini?"

"Maneno, mama. Pikapu za siku hizi nyepesi."

Wendell alitoka bafuni bila tone la maji, akauliza wanatazama nini, akaelezwa. Akaenda nje, akainama chini ya gari, akalipiga tairi teke, akarudi kusema kwamba jambo hilo analijua siku nyingi. Pikapu ikashuka kidogo.

Darla hakuwa amefurahi hivyo tangu siku mwanakwaya mwenzake alipodondosha meno ya bandia katikati ya wimbo. Alimuuliza Wendell kama kweli aliipenda supu ya marehemu mama mkwe wake. Aliipenda mno, akasema. Akamuuliza Kip nani alikuwa na trela hii kabla yao. Bibi mmoja mjane, akasema Kip, aliitumia mara mbili tu, tena kwenda kanisani. Kikombe cha kahawa ambacho Wendell alikiacha juu ya boneti kiliteleza mpaka kwenye kioo.

"Bibi alikuwa na dini sana," Darla alisema.

"Sana, mama."

Kikombe kikapinduka.

Kip aliona heri ageuze mazungumzo. "Haya, na wazo hili la kuishi barabarani, nani alilianzisha?"

"Sote wawili," alisema Wendell. "Tuliamka siku moja, tukatazamana, tukajua."

Pikapu ililia kwa chini, ikashuka mpaka bomba la moshi likagusa kokoto. Wendell aliitazama. Hakuwa mjinga, na hakuwa mtu mbaya. Alifuta mikono yake mikavu kwenye suruali.

"Darla," alisema. "Wewe unataka kuhama?"

Katika miezi yote ya kupanga kuhama hakuwa amewahi kumuuliza. Darla aliiona akilini ngazi ya Joyce na vikombe viwili juu yake. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilishafika kwenye ulimi. Lakini kwao mtu akiulizwa anataka nini hasemi anachotaka. Hivyo ndivyo walivyolelewa, hata pai ikipitishwa mezani, na jibu lilimtoka kabla hajaliita.

"Chochote unachopenda wewe, mimi sawa tu."

Pikapu ilikaa chini kwa makalio. Namba ya gari ilizama kwenye kokoto na magurudumu ya mbele yakainuka hewani. Kip, aliyeona mengi katika kazi ile, alivua kofia.

Wendell aliona. Darla naye aliona kwamba ameona, akangoja.

"Hii ina dawa?" Wendell alimuuliza Kip.

"Springi za hewa, mzee. Ukizifunga, gari halishuki hata liambiwe nini. Nusu ya wateja wangu wasingetoka hapa bila hizo."

"Zifungwe basi."

Zilifungwa wakati wao wanatia saini ofisini. Walipotoka, pikapu ilikuwa imeinuka, shingo ya trela imelala mgongoni mwake, yote sawasawa. Wendell aliizunguka akiipapasa, akasema sasa iko vizuri, na njia nzima hadi Goshen aliimba.

Joyce alikuwa akiwasubiri kando ya barabara, koti begani. Aliipitia trela kwa macho kutoka mbele hadi nyuma, na ilimchukua muda kumaliza.

"Umeipenda?" alimuuliza dada yake.

"Nimeipenda sana," alisema Darla, akalitupia jicho gurudumu la nyuma. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, mdomo karibu na bodi. "Nimeipenda sana, Joyce. Na nina hamu ya kuondoka."

Springi zilipumua kidogo. Pikapu haikushuka hata kwa unene wa ukucha.

"Basi na mimi nimefurahi," alisema Joyce, akiwa ameiegemea.