Dhamana au Kinga

Wahiba hakuwa mwanamke wa kupekua simu ya mumewe. Ujumbe aliusoma tu kwa sababu simu iliachwa mezani, ikalia, ikawaka mbele yake, na yeye hakuzaliwa kipofu.

"Kaka Azan, kesho ndiyo mwisho. Usije bila kuamua ishu ya kinga. Mie nakushauri kinga, maana wewe unaendeshaga mbio. Recho."

Kinga! Tangu apate akili zake, neno hilo alilikuta kwenye kuta za zahanati, na huko lilikuwa na maana moja tu.

"Azan!" Mumewe alikuwa uani akilifuta vumbi gari lao jipya la umeme, walilonunua wiki ile ili wasambazie bidhaa za duka lao la Gongo la Mboto. "Recho ni nani, na hiyo kinga ni ya kazi gani?"

"Recho ni wa pale Kurasini walipotuuzia gari. Kinga ni ya gari."

"Magari yameanza lini kuvaa kinga?"

Azan akacheka mpaka akashika boneti. Kosa kubwa hilo. Mwanamume mwenye akili zake hacheki hapo. Alipomaliza akaeleza. Walitakiwa kuchagua kimoja, kwa kuwa vyote viwili mfuko wao haukuviweza. Dhamana ya nyongeza ni ya gari likijiharibikia lenyewe, betri ikifa au mota ikigoma, baada ya dhamana ya kiwanda kuisha. Kinga ni ya yale yanayotoka nje: likigongwa, likivunjika kioo, likiingia maji.

"Na masika haya, na barabara yetu hii, mie nataka kinga," akasema.

"Unataka wewe, au anataka Recho?"

"Basi nenda kachague wewe, nipumue."

Akaenda kweli. Alivaa abaya yake ya Idi, akajifukiza udi kama anayekwenda kuposwa, akapenya katikati ya malori ya makontena mpaka kwenye ofisi ile. Recho alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya taratibu, na hiyo sauti ndiyo iliyomkera Wahiba zaidi. Angekuwa na sauti ya kukwaruza angemsamehe.

"Shikamoo mama, karibu. Kaka Azan hakuja?"

Wahiba alihisi moto kifuani. Azan, aliyemzidi umri, mwenye ndevu nusu nyeupe, ni kaka. Yeye mkewe ni mama! Kumbe amemzaa mumewe mwenyewe.

"Marahaba," akajibu, meno yakiwa yamebanana.

"Kwa nyie mie ningesema kinga, mama. Dhamana ya kiwanda bado mnayo ya kutosha. Ila lile daraja la karibu na kwenu, mvua ikikolea..."

"Daraja letu umelijuaje?"

"Kaka Azan alinisimulia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akili ilimwambia Wahiba kuwa binti anasema kweli, kwani lile daraja alilijua lilivyo. Lakini wivu ulishamkaba. Alichokichagua Recho yeye hakitaki, hata kiwe dawa.

"Niandikie dhamana."

"Mama, una uhakika?"

"Mie si mama yako. Andika dhamana."

Azan aliposikia hakugomba. Alirudi uani kulifuta gari vumbi, na Wahiba akalifasiri hilo atakavyo: anasikitika kwa kuwa Recho wake hakusikilizwa.

Wiki iliyofuata mvua zikaanza. Jumamosi mchana Azan alikuwa Mabibo amepeleka mchele. Wahiba alimpigia, akaambiwa simu inatumika. Akapiga tena, bado inatumika. Kwake yeye, Azan hakuwa na mtu mwingine duniani wa kuongea naye ila Recho.

"Nilikuwa na mteja kwenye simu," Azan alisema alipopatikana. "Huku mvua kubwa, nasubiri ipungue."

"Mteja gani huyo asiyekwisha maneno? Rudi sasa hivi nikuone kwa macho yangu. Usiporudi, nakwenda kwetu."

Azan akarudi. Pale darajani maji yalishapanda juu ya lami, na jirani ndiye aliyekuja mbio kumwita Wahiba. Alimkuta mumewe kandokando ya barabara, vijana wameshamvuta nje, gari limeinamia mtaroni na maji yamefika juu ya viti. Alikuwa mzima, amelowa chapachapa. Wahiba akaangua kilio, akamshika uso mbele za watu bila haya. Alimpenda, jamani. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yote.

"Nisamehe, Azan. Ni mie niliyekuleta kwenye maji haya."

"Nipe simu yako. Yangu imeingia maji."

Akampa. Azan akabonyeza, akaweka sikioni. "Recho? Azan hapa. Gari limezama... Najua, dhamana haihusiki na maji. Hapana, usimlaumu. Mie ndiye niliyemtuma achague dhamana."

Alikuwa anamfichia aibu yake. Wahiba alilielewa hilo, na shukrani ilimfika mdomoni. Kisha akaitazama ile simu. Ilikuwa simu yake, na namba ya Recho haikuwamo. Azan aliibonyeza yote kutoka kichwani, vidole havikusita hata kidogo. Naye ndiye huyu huyu aliyeibiwa simu mwaka juzi, akashinda kutwa nzima bila kumpigia mkewe, kwa sababu, alisema, namba ya Wahiba hakuwahi kuikariri.