Pengo la Mkiani

Kwaru, kwaru, kwaru. Niliisikia nikiwa bado ngazini, magando yakikwaruza sinki la bati, nikajua Mjomba Verlon ameshafika na kambakoche.

Alikuja kula nasi kwa sababu Jumatatu ningeanza kazi kwenye boti lake. Hapa kisiwani boti lenye nafasi lilikuwa hilo moja tu, na bila kumtumikia nahodha kwanza hupewi leseni ya kutega. Mama alikuwa amechemsha maji ya bahari kwenye sufuria kubwa na kuyeyusha siagi.

Alimshika kambakoche wa kwanza mgongoni, akamtosa. Akamtosa wa pili, na wa tatu. Wa nne alipompindua, mkono wake ukabaki hewani juu ya mvuke. Pezi la mkia lilikuwa na pengo.

Pengo hilo si ajali. Jike akikutwa na mayai, mvuvi humkata pezi kwa kisu na kumrudisha majini. Tangu hapo, hata akinaswa bila yai lolote, hakuna anayeruhusiwa kumchukua; na pengo likianza kuziba kila anapoambua gamba, anayemnasa hulikata upya. Babu yangu, baba yao hawa wawili, alikata mapengo hayo maisha yake yote, ndiyo maana sisi bado tuna cha kutega.

"Tia tu, Arlene," Mjomba alimwambia Mama, akimega mkate. "Maji yamechemka."

"Mjomba, huyu ana alama," nikasema.

"Hata wewe una kovu kidevuni, mbona mama yako anakulisha?"

Mama hakucheka. Nilimchukua yule jike mkononi mwake. Mjomba akaweka mkate chini, akaniambia taratibu kwamba nikivuka mlango na chakula chake, Jumatatu nisijisumbue kuamka.

Nikavuka.

Kwenye miamba nyuma ya nyumba nilikata mipira iliyofunga magando yake. Asante yake ilikuwa kunibana kidole gumba mpaka damu ikatoka. Nilimtukana, nikamteremsha majini. Akapiga mkia mara moja, akapotea kinyumenyume ndani ya mwani.

Niliporudi, Mama alikuwa ameshapakua. Kambakoche mkubwa kuliko wote, ambaye nyumbani kwetu siku zote huwa wa mgeni, alikuwa kwenye sahani yangu. Mjomba alikuwa akimtazama kambakoche huyo. Nilikaa, nikavunja gando kwa koleo, nikachovya nyama kwenye siagi, nikala polepole huku kidole kikichuruzika damu.

Aliniuliza sasa nitafanya kazi na nani, maana manahodha wote wa hapa ni rafiki zake.

"Nitabisha hodi boti kwa boti, hapa na ng'ambo, mpaka mmoja anichukue," nilimwambia. "Na nikipata mitego yangu, Mjomba, nitaishusha kando ya yako. Huyo jike nikimnasa tena, nitalikata upya pengo lake, wewe ukiangalia."