Kaa wa Dirisha Namba Tatu

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Hind alifungua dirisha namba tatu kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, akapanga kalamu zake, akaujaribu muhuri kwenye karatasi chakavu. Wa mwanzo kwenye foleni alikuwa mwanamke aliyempakata mtoto.

"Habari za asubuhi?"

"Salama," alijibu Hind, na kaa akaanguka kutoka mkono wa kulia wa buibui lake, akatua juu ya fomu.

Alikuwa wa kijivu, ukubwa wa kisahani cha chai. Mwanamke alimpisha, na kaa akatembea upande upande mpaka mwisho wa meza, akateremka.

"Za nyumbani?" aliendelea mwanamke, kwa sababu si adabu kuishia salamu moja.

"Salama." Wa pili.

"Wote wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi." Wa tatu, mdogo.

Mpaka adhana ya adhuhuri Hind alikuwa ameshawahudumia watu thelathini na wanane, na mkuu wa ofisi alikuwa amepanda juu ya kiti, ameikunja miguu, anaandika barua. Barua haikuwalalamikia kaa wenyewe. Ilisema kwamba kaa mmoja amekata cheti vipande viwili, na ofisi haina fomu ya kuombea cheti kilichokatwa na kaa. Hind aende akatibiwe, arudi na karatasi ya daktari.

Kwenye kliniki ya maradhi ya akili, Daktari Masoud alikuwa na wagonjwa arubaini na mmoja, na dakika sita kwa kila mmoja. Alimjulia hali Hind mara mbili, akahesabu kaa wawili, akaandika sindano.

Baada ya sindano Hind alilala siku mbili. Alipoamka hakuweza kutofautisha chai na maji. Watu wakimsalimia aliwatazama kama unavyotazamwa ukuta, na kwa kuwa hakumjibu mtu, kaa hawakutoka. Daktari aliandika: nafuu kubwa. Dawa ilipokwisha nguvu Hind alirudi, na kaa wakarudi naye. Daktari akampa wiki mbili. Akija Alhamisi ya wiki ya pili bado anao, atalazwa.

Hind hakuiogopa sindano. Aliuogopa mlango wa wodi, ambao komeo lake lilikuwa nje tu.

Nyumbani kwao ni Kiponda, kwenye uchochoro mwembamba ambao mtu akipiga chafya, anayemwombea rehema huwa nyumba ya tatu. Jirani yake, Bi Tabia, alikaanga bajia mlangoni. Kwenye baraza ya mkabala, Mzee Jaku na Mzee Pandu walicheza dhumna tangu walipostaafu. Jioni ya siku Hind alipopewa wiki mbili walikuwa wakimjadili kaa aliyepita chini ya miguu yao.

"Halali huyu. Wa baharini," alisema Mzee Jaku.

"Bahari ipi? Katoka kwenye buibui."

"Buibui limefuliwa kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Basi ni kaa wa bomba."

"Cheza dhumna lako wewe. Fatwa huziwezi."

Hind alifika, akaamkia, akaitikiwa.

"Habari za kliniki, mwanangu?" aliuliza Bi Tabia.

"Salama." Kaa.

Bi Tabia aliuweka chini mwiko. Akavuta kibao chake cha kukalia mpaka magoti yao yakagusana.

"Habari?"

"Salama, Bi Tabia." Kaa.

"Habari, Hind?"

"Salama tu." Wawili kwa pamoja, wameshikana.

"Mimi nimekaa," alisema Bi Tabia. "Habari?"

Hind aliangalia mkono wa buibui lake. Wazee waliacha kugonga dhumna.

"Si salama," alisema Hind.

Hakikuanguka kitu.

"Haya," alisema Bi Tabia. "Nnakusikia."

Ilichukua muda. Bajia ziliungua na hakuna aliyeziepua. Hind alisema kwamba miezi saba iliyopita mama yake alimwita kutoka chumbani, naye akajibu naam, nnakuja. Alikuwa akipiga pasi buibui, umebaki mkono mmoja. Akaumalizia. Alipoingia chumbani, mama alikuwa keshakwenda zake.

Bi Tabia hakusema kwamba ni kazi ya Mungu, ingawa maneno yalishamfika mdomoni.

"Mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Ndiyo maana," alisema Bi Tabia, akamshika mkono huo huo mpaka adhana ya magharibi. Halafu wote wakala bajia zilizoungua. Mzee Pandu alisema hajapata kula bajia tamu kama zile, na kwa kuwa ilikuwa uongo kila mtu aliangalia mikono ya kanzu yake, lakini Mzee Pandu hakuwa na maradhi hayo.

Tangu siku ile mtaa uliwekeana utaratibu: asiye na nafasi ya kukaa asimuulize Hind habari. Talal, muuza kahawa, ambaye daima alikuwa mbioni, alipita akiita "Hind!" tu, naye akaitikia "Naam!", na biashara ikaishia hapo. Wenye nafasi walikuja na vibao vyao. Siku nyengine Hind alisema maneno mawili. Siku nyengine aliurudia ule mkono wa buibui tangu laasiri, na hakuna aliyemwambia kwamba wameshausikia. Siku moja alijibu "salama" na hakikuanguka kitu. Mzee Jaku aliinama akachungulia chini ya baraza, akarudi kwenye dhumna lake.

Alhamisi ya kliniki haikuwa siku kama hiyo. Hind aliamka vibaya. Bi Tabia alifuatana naye, na kapu lake la bajia lenye mfuniko.

"Habari za leo?" aliuliza Daktari Masoud, kalamu mkononi.

"Si nzuri sana, daktari. Jana ilikuwa afadhali."

Daktari alitazama mezani, akatazama sakafuni. Hakukuwa na kaa. Akaitazama fomu, akasikitika kwa dhati.

"Hapa pameandikwa Salama na pameandikwa Nyengine. Nyengine analazwa."

"Kaa si hakuna?" aliuliza Bi Tabia.

"Kaa ni swali la nane, Bi. Hili ni la tisa."

Hind aliutazama mlango wa wodi. Bi Tabia alifunua kapu, akaliweka chini ya mkono wa kulia wa buibui.

"Sema, mwanangu. Mimi nimekaa."

"Salama," alisema Hind.

Kaa mdogo kama kifungo cha shati alianguka ndani ya kapu. Bi Tabia akafunika. Daktari aliliona kapu, lakini swali la kapu halikuwemo. Akatia alama kwenye la nane, akatia kwenye la tisa, akapiga muhuri.

"Na wewe daktari, habari zako?" aliuliza Bi Tabia.

"Salama, Bi."

Kaa aliyetoka kwenye mkono wa koti jeupe alikuwa mpana kama sinia, mweusi, ameota mwani mgongoni. Muuguzi alimsukuma kwa mguu chini ya kitanda, walikokuwa wenzake.

Bi Tabia alisogeza kiti. "Nimekaa."

Daktari Masoud alikitazama kiti, kisha foleni. "Wapo arubaini nje, Bi."

"Basi njoo Kiponda, baada ya laasiri. Uliza kwa Bi Tabia wa bajia."

Alikwenda Jumamosi. Mara ya kwanza alisema maneno matatu, mara ya pili alichelewa kuondoka. Akaandika barua kuomba swali la tisa lirekebishwe, na mwezi uliofuata zikaletwa fomu mpya. Zilikuwa rangi ya waridi. Swali la tisa lilikuwa lile lile.

Hind alirudi dirisha namba tatu. Pembeni ya muhuri aliweka kapu lenye mfuniko, na siku nyingi lilirudi nyumbani tupu. Asubuhi alipita nyuma ya kliniki, ambako dirisha huachwa wazi kwa ajili ya joto.

"Habari za leo?" husikika sauti ya Daktari Masoud.

"Salama."

Kisha kitu kigumu hugonga sakafu, na muhuri hugonga meza.

"Mwengine!"